Kichwa Kwangu, Mkia Kwenu

9 Januari

Mke wa mdogo wangu,

Naanza na salamu kwa sababu mama amesimama nyuma yangu, na asipoziona hatanipa stempu. Sisi wazima. Goti lake limepungua kuvimba tangu abadilishiwe dawa, na sasa anashuka kila asubuhi hadi karakana kuniambia nimepaka gundi nyingi. Kazi zipo. Kuna wakili ameleta mafaili sitini, anataka majalada yote yawe rangi ya viatu vyake, akavua kiatu kimoja akaniachia kama sampuli. Mama anauliza kama mjukuu wake ameshaota meno ya juu. Shangazi amerudi salama kutoka kwenu, tena amenenepa. Kwa hilo nakushukuru.

Salamu zimekwisha. Barua hii nimekuandikia wewe, si yeye.

Najua barua zake zote zinapita mkononi mwako. Mwandiko wa mdogo wangu hata mwalimu wake alikuwa anausoma kwa kubahatisha, kwa hiyo tangu mlipooana yeye anasema, wewe unaandika. Sikulalamika. Nikimpigia simu nimuulize habari za kitabu, ananiambia mambo ya vitabu ni ya barua. Sawa. Miaka minne nimemeza. Lakini hii ya Desemba imenikaa kooni.

Sijui alikueleza nini kuhusu vitabu vya baba, basi nakueleza mimi. Marehemu alikuwa anaokota riwaya ndefu za zamani zinazotupwa na maktaba, zile nene zilizong'oka majalada. Anazikata katikati kwa kisu chake, anazijalidi upya vipande viwili, ili mimi na mdogo wangu tusigombanie kitabu kimoja. Kipande cha kwanza tulikiita kichwa, cha pili mkia. Alipoona siku zake zimekwisha alinipa mimi vichwa vyote kumi na kimoja, akampa yeye mikia yote. Alijua anachofanya. Hakuna anayeweza kumaliza hadithi bila mwenzake.

Kila Januari tunachagua kimoja. Mimi nasoma kichwa hadi Aprili, nakituma. Yeye anasoma vyote viwili, ananirudishia Septemba, ndipo namalizia. Miezi ya katikati tunaandikiana: mimi nabahatisha yatakayotokea, yeye anayajua na ananinyima. Ndiyo raha yenyewe. Tumemaliza vinne namna hiyo. Cha tano tulikubaliana tangu siku ya mazishi kwamba atakuwa Mnene, yule wa kurasa elfu moja mia tatu, ambaye baba alikuwa hamwachi mkononi alipokuwa anaumwa. Nilimuuliza baba mwisho wake ukoje, akaniambia ni mzuri, nitaona mwenyewe. Nimengoja miaka minne nione.

Sasa Desemba naandikiwa: "Dada, Mnene tumwache kwanza. Tusome kile cha hakimu na mabinti wake wanne." Bila sababu. Halafu Shangazi anarudi na habari kwamba ameuona mkia wa Mnene kwenye kibanda chako cha mizani, huko unakopimia malori, umefungwa kitambaa cha maua. Alipotaka kuufungua ulimwambia huo hauguswi.

Naona mmeamua kumsoma nyinyi wawili, mimi nipewe hakimu nicheze naye. Mtu nimembeba mgongoni, nimemfundisha herufi juu ya meza ya gundi. Wewe una mume mzima, siku zote anazokuwa nyumbani ni zako. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja kwa mwaka. Ukinichukulia na hicho, niambie unaniachia nini.

Nijibu wewe mwenyewe, kwa maneno yako.

Ni mimi,
Dada ya mume wako


24 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Mfikishie na mama shikamoo yangu, mwambie meno ya juu yametoka mawili na mwenyewe anajiona mkubwa, anang'ata kila kitu hadi kamba za viatu. Mume wangu yuko safarini na lori la saruji, ni wiki ya tatu sasa, anarudi mwisho wa mwezi. Hapa mizani walikuja wakaguzi, siku nne tumepima mawe ya majaribio. Jana dereva mmoja amezidisha uzito akaniapia kwamba ni chakula cha mchana alichokula. Nikamwambia ashuke basi nipime lori peke yake. Alishuka, na bado lilizidi.

Sitasema barua yako ilichelewa njiani. Ilifika mapema, nimekaa nayo.

Mnene hatumsomi sisi wawili. Hilo nakula yamini. Mkia uko kibandani kwa sababu nyumbani hauwezi kukaa. Kwa nini hauwezi, si langu kulisema. Na Shangazi nilimkataza kuufungua kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta, hakukuambia hilo.

Kuhusu barua kupita mkononi mwangu. Wifi, miaka minne umemwandikia kurasa sita, saba, mara moja kumi na moja. Mwishoni kabisa, pale karatasi inapoishia, kuna mstari: "Msalimie mkeo." Mwaka juzi barua ya Julai hata huo ulikosekana. Yeye huwa barabarani, ninayefungua bahasha ni mimi, na kabla sijasoma kitu kingine nilikuwa natafuta mstari wangu. Barua yako imejaa wivu. Hujui wa kwangu.

Chagua kile cha hakimu, nakuomba. Ni kizuri. Nimesikia.

Wifi yako


6 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Mama anasema asante kwa habari za meno. Wakili amekuja kuchukua kiatu chake, mafaili bado. Hatujambo.

"Nimesikia." Umesikia kwa nani? Mkia wa hakimu uko kwenu, kichwa chake kiko kabatini kwangu na sijakitoa tangu baba afe. Basi neno lako hilo lilinikosesha raha, nikavishusha vile vitabu vinne tulivyomaliza nikavipanga mezani, mikia upande mmoja, nikavitazama kama ninavyotazama kazi ya mteja.

Mimi ni fundi wa kujalidi. Baba alinifundisha kukijua kitabu kimesomwaje kabla ya kukifungua. Na mdogo wangu, tangu ana miaka saba, anasoma kwa mkono mmoja. Anakikunja kitabu nyuma mpaka mgongo unalia, ili mkono wa pili ubaki huru kwa kula. Baba alimwita Mvunja Mgongo. Hakuna kitabu kilichopita kwake kikabaki kizima.

Mikia yote minne mgongo umenyooka. Kurasa zimefunguliwa kwa adabu, moja moja, na mtu mwenye mikono miwili. Katika kile cha mjane wa kinu nimekuta kipande cha risiti ya mizani. Kwenye kile cha mwaka jana kuna alama za meno mawili ya mtoto, kona ya chini, mahali ambapo angefika tu akiwa amepakatwa na msomaji.

Sitakuficha, haya niliyaona zamani. Nilijiambia ndoa imemfunza adabu. Hata hilo liliniuma, kwamba wewe umeweza kwa miaka minne jambo lililomshinda baba kwa ishirini.

Nina swali moja. Yale maneno ya kwenye barua kuhusu mjane, kwamba hakumsamehe mumewe kwa wema bali alichoka kubeba. Niliyanakili kwa wino mwekundu nikayabandika juu ya mashine ya kubana. Kila mteja akiuliza, namwambia ni ya mdogo wangu, dereva wa lori, mwenye akili kuliko mawakili wote wanaoingia hapa.

Ni ya nani?


30 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza. Mume wangu amepita nyumbani mara mbili tangu uniandikie, na mara zote mbili nilitaka kumuuliza kama naweza kusema, nikashindwa. Basi nasema bila kumuuliza.

Ya mjane ni yangu. Niliyaandika lori la mchanga likiwa juu ya mizani na dereva anapiga honi.

Mwaka ule wa kwanza, kichwa ulichotuma kilipofika, mume wangu alikaa mezani, akautoa mkia, akaufungua. Akaufunga. Akatoka nje kuosha lori, na lori lilikuwa limeoshwa asubuhi ile ile. Aliporudi alisema, "Gundi ile inanuka baba. Nikifungua namsikia anakohoa." Nikamwambia mweleze dada yako. Akasema, "Dada hana kingine. Soma wewe, umjibu. Asijue." Nikadhani ni kitabu kimoja tu, baadaye atazoea. Hajazoea. Hata ndani ya nyumba mikia hawezi kuiona, ndiyo maana yote niliitoa, na saba iliyobaki iko kibandani kwangu, kwenye kabati la rejista.

Mimi kabla ya hapo sikuwahi kusoma kitabu kirefu. Nilidhani ni vya watu wenye nafasi. Lakini kwenye mizani kuna kungoja kwingi, na nilipofika kurasa mia mbili za kile cha kwanza nikajikuta nakasirika lori likija. Kisha nikaanza kuandika ninachofikiri, na wewe ukaanza kujibu. Unakumbuka ulivyosema mapacha wale hawatapatana, nikakujibu subiri? Nilicheka peke yangu kibandani hadi mpiga mihuri akaja kuchungulia.

Shangazi aliposimulia habari za ile karatasi ya wino mwekundu, mume wangu alikuwepo. Aliinama akaendelea kula. Mimi nilikwenda jikoni. Unampenda sana huyo mdogo wako anayejua kusoma, Wifi. Nimemwonea wivu miaka minne, na ni mimi mwenyewe.

Kuhusu Mnene. Mwaka jana nilifungua mkia wake nione tu uko hali gani. Ukurasa wa mia tisa na kumi na moja kuna ukanda wa ngozi, umekatwa kwa kisu, una alama ya kidole cha gundi. Baada ya hapo kurasa zimeshikana kwenye kingo, hazijafunguliwa tangu ajalidi. Baba yenu hakummaliza. Aliishia hapo.

Vile vingine nilivisoma badala ya mume wangu na sikuona vibaya sana. Huyu nilishindwa. Nilimfunga kitambaa nikaandika tumwache. Ningewezaje kutangulia mbele ya huo ukanda, mimi, nisiyemjua mzee hata sauti yake?

Hakimu nilimsoma mkia peke yake, bila kichwa. Samahani kwa hilo pia.

Mke wa mdogo wako


11 Juni

Wifi,

Mama anakusalimu. Goti limemrudia lakini kelele hazijapungua. Wakili amekataa majalada yote sitini kwa sababu amenunua viatu vipya. Mengine hatujambo.

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ya pili nilimwandikia yeye, nikakumbuka ni wewe utakayefungua bahasha. Ya tatu nilitaka kusema sina neno, na neno ninalo.

Nimekasirika. Nimefanywa zuzu na watu wawili chini ya paa moja, nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne. Nilisoma tena barua zote kutoka mwanzo, rundo zima, nikitafuta mahali ambapo ningetambua. Pako pengi. Mdogo wangu hajawahi kuniuliza kuhusu jambo lolote mara mbili, na barua zile zimejaa maswali. Zinauliza kama nalala. Zinauliza kama mkono unaoshika sindano bado unauma. Nilikuwa nawaambia watu: jamani, huyu mtoto kakua.

Kile kikaratasi nilikibandua kwa hasira, mama akauliza ukuta umekosa nini. Nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo aliyesema maneno yale amelala kwenye kitanda changu cha wageni mara mbili na hukumsemesha." Ni kweli. Ulipokuja nilikuwa nakaa na yeye ukumbini, wewe ukaachiwa vyombo. Kikaratasi nimekirudisha. Pale chini nilipoandika "mdogo wangu" nimefuta, nimeandika "wifi". Rangi ya wino haikufanana, inaonekana kabisa.

Na baba. Kumbe aliniambia mwisho ni mzuri akiwa hajaufikia. Hapo sijui nimkasirikie nani.

Sasa sikiliza. Kichwa cha Mnene nimekisoma chote, kuanzia Machi, kwa hasira, sikumngoja mtu. Nakituma na barua hii. Kisome polepole. Yule mpima ardhi usimwamini, zaidi ya hapo sisemi. Kisha ingia mkiani, nenda mpaka kwenye ukanda, simama. Usifungue hata ukurasa mmoja mbele yake. Nitumie mkia, na mimi nisome hadi hapo, kisha mkubwa ni mimi, nitavuka kwanza. Hakimu angoje mwakani, tumsome sawasawa, na kichwa chake.

Mdogo wangu usimwambie lolote. Akiuliza tunaandikiana nini, mwambie mapishi. Alinipa mtu mwingine nimpende badala yake bila kuniuliza, basi akae nje ya mlango kidogo asikie inavyokuwa.

Unalala? Mtoto anakuacha?

Wifi yako


19 Septemba

Wifi yangu,

Shikamoo, wewe na mama. Mtoto anatembea, hatua sita, ya saba anakaa. Nalala, asante kwa kuuliza. Hiyo ilikuwa ya kwanza kuulizwa na wewe nikiwa mimi, niliisoma mara nyingi.

Nina habari mbaya na sijui nikuambie kwa hasira au kwa namna gani.

Bahasha zako alianza kuziona Julai. Alizoea kuona jina lake juu, sasa limeandikwa langu. "Dada anakuandikia nini?" Nikasema mapishi. Akakaa siku mbili, akasema, "Mbona chakula ni kile kile?" Safari iliyofuata akapiga simu kutoka njiani, kitu asichofanya, eti kuuliza kama kuna barua imekuja. Nikasema ipo. Yangu? Si yako. Nilisikia anavyopumua. Wifi, niliona raha, Mungu anisamehe.

Kichwa nilikimaliza mwisho wa Julai. Mpima ardhi ulikuwa sahihi, ila kuhusu dada yake umekosea na utajuta. Nikaingia mkiani. Nilifika ukurasa wa mia nane sabini na moja. Zimebaki arobaini kufika kwenye ukanda. Asubuhi iliyofuata nafungua kabati la rejista, kitambaa cha maua kipo, kimekunjwa vizuri, mkia haupo. Kichwa nacho hakipo. Barua zako nilizoziweka chini ya rejista zipo, lakini si kwa mpangilio wangu.

Alikuwa ameondoka alfajiri na mbolea. Siku kumi na mbili. Simu haipokei, anatuma ujumbe "niko barabarani". Nilitukana kwenye kipaza sauti cha mizani, madereva wakadhani nawaambia wao. Mimi nimengoja, nimejizuia, nimeheshimu ule ukanda mwaka mzima, na yeye aliyeshindwa kufungua hata ukurasa anachukua vyote viwili kwa sababu ameona watu wawili wanafurahi bila yeye.

Amerudi jana. Aliweka vitabu mezani, akanitazama, macho mekundu kama aliyekata vitunguu. Nikamwambia, umefika wapi. Akasema, "Mwambie dada baba hakudanganya." Basi. Nikamwuliza mwisho ukoje, akasema mtaona wenyewe, akatoka kuosha lori. Safari hii lilikuwa chafu kweli.

Ukanda upo pale pale, mia tisa na kumi na moja, hakuusogeza. Ila kurasa zote baada yake zimefunguliwa, na kwenye ukurasa wa mwisho ameacha risiti ya mizani, ya tarehe kumi na sita. Ametutangulia, Wifi. Wivu unanila hadi siwezi kumpakulia chakula sawasawa.

Nakutumia vyote viwili leo kabla sijamaliza, maana vikibaki nyumbani hata usiku mmoja sitasimama kwenye ukanda, nitavuka kabla yako. Vifungue taratibu. Mkia umevunjika mgongo mahali patatu na kuna alama ya mchuzi ukurasa wa elfu moja na mia mbili.

Usiutengeneze.

Wifi yako